Swali la kubadili bodi ya elimu ya jimbo: mpigakura anaachia nini hasa? (mfano wa Alabama 2020)

kalamu_ya_pwani

Wakuu, habari za jioni.

Naandaa karatasi ya kurasa 2 kwa Kiswahili ya kuwasaidia raia wapya wa Marekani, wengi wao Wakongomani na Warundi, na Watanzania wachache, wasome yale maswali yanayowekwa kwenye karatasi ya kura pamoja na majina ya wagombea. Yaliyonishinda ni maswali ya kubadili bodi ya elimu ya jimbo. Nimechukua mfano wa Alabama, Marekebisho Namba 1, yaliyopigiwa kura tarehe 3 Machi 2020, kwa sababu yamekwisha kuamuliwa na hakuna atakayesema nampigia mtu kampeni.

Muhtasari uliokuwa kwenye karatasi ya kura nimeutafsiri hivi:

"Kupendekeza marekebisho ya Katiba ya Alabama ya 1901, ili kubadilisha jina la Bodi ya Elimu ya Jimbo liwe Tume ya Alabama ya Elimu ya Msingi na Sekondari, kuweka utaratibu wa gavana kuchagua wajumbe wa tume, kwa kuthibitishwa na Seneti, kubadilisha jina la Mrakibu wa Elimu wa Jimbo liwe Katibu wa Elimu ya Msingi na Sekondari, kuweka utaratibu wa tume kuchagua katibu, kwa kuthibitishwa na Seneti, na kumruhusu gavana kuunda jopo la walimu wa maeneo na maofisa wengine la kuishauri tume kuhusu kazi za Idara ya Elimu."

Naomba msaada kwa haya. Kwanza, ukiondoa majina, ni kitu gani kilikuwa kinabadilika? Pili, kwa nini lazima waulizwe wananchi, bunge la jimbo halitoshi? Tatu, tafsiri yangu ina makosa gani? Na je, msomaji wangu aangalie nini akikutana na swali la aina hii katika jimbo lingine lolote?

---

sheria_mkononi

Kalamu, karibu. Anza na kile ambacho muhtasari haukukitamka. Rudia kuusoma: hakuna mahali panaposema "kufuta uchaguzi wa wajumbe". Unaanza na kubadilisha jina. Mtu aliyesimama foleni saa nzima akikutana na "kubadilisha jina" pale mwanzoni, anadhani ni habari ya kibao cha mlangoni. Uzito wote ulikuwa kwenye kifungu cha pili, na hata hapo umefichwa ndani ya neno la "kuteua", ambalo wewe umelitafsiri "kuchagua". Ili ujue kuna kitu unanyang'anywa, ni lazima uwe tayari unajua kwamba leo wajumbe hao wanapigiwa kura. Karatasi ya kura haikukwambia.

Hali ya sasa, ambayo ndiyo ile ile ya 2020: Alabama ina wilaya 8 za bodi ya elimu. Kila wilaya inachagua mjumbe mmoja kwa kura, wagombea wakisimama kwa vyama, kwa muda wa miaka 4. Nusu ya viti vinajazwa kila baada ya miaka 2. Gavana ni mwenyekiti wa bodi kwa wadhifa wake. Bodi hiyo ndiyo inayomweka mkuu wa elimu wa jimbo na ndiyo inayomwondoa.

Pendekezo: wajumbe 9, wote wateuliwe na gavana, Seneti iwathibitishe. Tume hiyo imteue mkuu wa elimu, naye athibitishwe na Seneti.

Mfundishe msomaji wako kuhesabu mikono. Kutoka kwa mpigakura hadi kwa mtu anayeongoza elimu ya jimbo, mamlaka yanapita mikononi mwa wangapi? Kwa utaratibu wa sasa: mpigakura, bodi, mkuu wa elimu. Katikati kuna mkono mmoja. Kwa utaratibu uliopendekezwa: mpigakura, gavana, Seneti inathibitisha wajumbe, tume, Seneti tena inathibitisha katibu. Mzazi asiyependa mtaala anampigia nani simu? Leo ana mjumbe mmoja wa wilaya yake, na kila miaka 4 anaweza kumng'oa kwa sababu ya elimu tu. Chini ya pendekezo angebaki na gavana, ambaye anapigiwa kura kwa barabara, kodi, magereza na mambo mengine mia, na elimu ikiwemo.

Na jambo ambalo lingefaa kuingia kwenye karatasi yako: viti vya wilaya za 1, 3, 5 na 7 vilikuwa kwenye mzunguko wa uchaguzi mwaka huo huo wa 2020. Jimbo lilikuwa linatafuta wajumbe kwa kura huku likiuliza kama kura hiyo ifutwe.

Swali lako la pili. Alabama walilazimika kuwauliza wananchi kwa sababu uchaguzi wa bodi umeandikwa kwenye katiba ya jimbo. Huko marekebisho yanapita kwanza kwa theluthi... samahani, kwa sehemu 3 kati ya 5 za kila nyumba ya bunge la jimbo: yaani kura 63 kati ya wawakilishi 105, na 21 kati ya maseneta 35. Sahihi ya gavana haihitajiki. Kisha yanakwenda kwa wananchi, na wengi wa waliojibu swali hilo ndio wanaoamua. Robo tatu hivi ya waliopiga kura walisema hapana, ingawa gavana Kay Ivey mwenyewe alilipigania pendekezo, na seneta aliyelipeleka bungeni, Del Marsh, ndiye aliyekuwa akiongoza Seneti.

Sasa linganisha na Ohio. Katiba yao, kwa marekebisho ya 1953, inasema kutakuwa na bodi ya elimu ya jimbo, ila namna ya kuwapata wajumbe inaachiwa sheria ya kawaida. Ndiyo maana mwaka 2023, bodi ikiwa na wajumbe 19, 11 wa kuchaguliwa na 8 wa kuteuliwa, bunge liliweza kuhamisha sehemu kubwa ya kazi zake kwenda idara mpya iliyo chini ya gavana. Lilifanya hivyo ndani ya sheria ya bajeti, bila swali lolote kwa wapigakura. Wajumbe walibaki kwenye viti vyao. Walichobaki nacho ni leseni za walimu na mambo machache mengine.

Kwa hiyo kabla hujaeleza swali lolote la namna hii, fungua katiba ya jimbo husika, kwenye ibara ya elimu, utafute vitu viwili: idadi na namna ya kupatikana kwa wajumbe, halafu mamlaka yao. Watu wanachanganya hivyo viwili kila siku. New Mexico mwaka 2003 wananchi walikubali mabadiliko, bodi ya watu 15 (10 wa kura, 5 wa gavana) ikaondoka. Ikaja idara inayoongozwa na katibu aliye kwenye baraza la gavana, na pembeni yake tume ya watu 10 wanaopigiwa kura. Ukitazama viti peke yake utasema uchaguzi umepanuka, kwa sababu sasa wote ni wa kura. Ukitazama mamlaka, uamuzi mkubwa umehamia kwa katibu.

---

mfasiri_wa_zamu

Sheria ameshika msingi. Mimi nashika maneno, kwa sababu katika swali hili neno moja likikosewa, jibu linageuka.

1. "Gavana kuchagua wajumbe." Hapa ndipo kosa kubwa, Kalamu. Kwa Kiswahili "kuchagua" ni kupiga kura na pia ni kuokota unachokitaka sokoni. Msomaji akiona "wajumbe watachaguliwa" atadhani uchaguzi upo palepale. Andika "kuteua" kila mahali kwa gavana, na "kuchagua kwa kura" kila mahali kwa wananchi, bila kubadilisha hata mara moja kwa ajili ya kupamba lugha. Na mara ya kwanza unapotumia "kuteua", fafanua: gavana anamweka mtu anayemtaka, wananchi hawampigii kura. Usidhani kila mzungumzaji analijua hilo neno.

2. "Mrakibu". Najua umelipata kwenye kamusi. Kwa Mtanzania mrakibu ni cheo cha polisi. Hutaki bibi wa watu afikirie elimu imewekwa chini ya jeshi la polisi. Andika "Mkuu wa Elimu wa Jimbo".

3. "Katibu". Nalo lina mtego, kwani wengi watamwona mtu anayeandika kumbukumbu za kikao. Andika "Mkuu wa Elimu, ambaye cheo chake kingeitwa Katibu". Hapo msomaji anaona ni kiti kile kile kwa jina jingine.

4. "Jimbo". Hili ndilo gumu kuliko yote na hujaligusa. Kwa Mtanzania jimbo ni eneo la mbunge. Kwa Mkongomani ni mkoa wenye gavana wake. Ukiandika "mjumbe wa jimbo" watu wawili waliokaa meza moja wataelewa vitu viwili. Sema "jimbo la Alabama" ukimaanisha Alabama nzima, na "wilaya ya uchaguzi" kwa zile 8. Weka ramani ndogo kama nafasi ipo.

5. "Tume". Haina kosa, lakini kwa wengi wetu tume ni ya uchaguzi au ya uchunguzi. Mstari mmoja wa kusema hii ni sawa na bodi unatosha.

Halafu kuna jambo la mazoea. Huku kwetu waziri wa elimu anateuliwa, kamishna naye anateuliwa, kwa hiyo msomaji anaweza kuona pendekezo hili ni la kawaida kabisa na asione mabadiliko yako wapi. Usimwambie kipi bora. Mwonyeshe tu ana nini leo mkononi.

---

dawati_la_mitihani

Naongeza upande wa sababu, maana karatasi isiyoeleza kwa nini watu walitaka mabadiliko haitakuwa ya haki kwa waliosema ndiyo.

Hoja ya Ivey na wenzake ilikuwa matokeo. Kwenye mtihani wa taifa wa NAEP wa 2019, hisabati ya darasa la nne, Alabama ilishika mkia kati ya majimbo yote. Walisema pia kwamba bodi ya kuchaguliwa haitulii na viongozi: mkuu wa elimu mmoja alistaafu 2016, aliyemfuata akajiuzulu 2017, Eric Mackey akachaguliwa na bodi 2018. Gavana akiteua, walisema, kutakuwa na mtu mmoja wa kuwajibika, na watapatikana wataalamu ambao hawawezi au hawataki kufanya kampeni. Hizo ni hoja nzito na zinastahili kuandikwa kwa heshima.

Upande wa hapana haukuwa kundi moja. Walikuwapo waliotetea haki ya kura tu. Walikuwapo wahafidhina waliochukia viwango vya Common Core (viwango vya masomo vinavyotumiwa na majimbo mengi kwa pamoja), ambavyo bodi ilivipokea 2010. Pendekezo lenyewe lilikuwa na kifungu cha kuitaka tume iweke viwango vingine badala ya Common Core, lakini kifungu hicho hakikuonekana kwenye ule muhtasari wa karatasi ya kura. Na wengi wao hawakuamini kwamba kingetekelezwa kwa maana waliyoitaka.

Na walikuwapo wapigakura weusi. Hapa pana jambo ambalo naona lazima uliandike. Kati ya wilaya 8, mbili, ya 4 na ya 5, zina wakazi weusi wengi. Wilaya hizo ndizo zinazowahakikishia kwamba kuna wajumbe wanaowajibika kwao moja kwa moja. Ukifuta uchaguzi, mistari ya ramani inakufa pamoja nao. Badala yake pendekezo lilimwagiza gavana ahakikishe wajumbe wanaakisi wanafunzi wa jimbo kwa maeneo, jinsia na rangi. Ni agizo lisilo na namba. Haki iliyochorwa kwenye ramani inageuka kuwa nia njema ya mtu mmoja, na atakayefuata anaweza kuwa na nia nyingine.

Baada ya hapana nini kilitokea? Bodi ya kuchaguliwa ilibaki, Mackey akabaki. Bunge lilikuwa limeshapitisha sheria ya kusoma na kuandika 2019, na 2022 likapitisha sheria ya hisabati inayopeleka makocha wa somo hilo kwenye shule za awali hadi darasa la tano. Kwenye NAEP ya 2024, Alabama lilikuwa jimbo pekee ambalo wastani wake wa hisabati ya darasa la nne ulipita ule wa 2019. Usiandike kwamba hii inathibitisha bodi ya kura ni bora, kwa sababu sheria hizo zilitoka bungeni. Andika tu kwamba mabadiliko darasani yalipatikana bila kugusa namna ya kuwapata wajumbe.

---

kalamu_ya_pwani

Asanteni sana, mmenitoa mbali. Hilo la "kuchagua" nililiandika mara 2 bila kuliona.

Nina maswali mawili zaidi. Kuthibitishwa na Seneti si ulinzi wa kutosha? Na kwa vitendo, siku ya kupiga kura, mtu asiyesoma Kiingereza anafanyaje?

---

sheria_mkononi

La Seneti kwa kifupi: uthibitisho una nguvu pale tu Seneti inapokuwa tayari kumkatalia gavana. Mwaka 2020 chama cha gavana kilikuwa na maseneta 27 kati ya 35. Jifunze kuuliza vitu vitatu kwenye kila pendekezo lenye uthibitisho: Seneti isipojibu ndani ya muda fulani, mteule anahesabika amepita au amekataliwa? Je, anaweza kukalia kiti akisubiri? Na gavana anaweza kumwondoa mjumbe katikati ya muda, kwa sababu ipi? Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika, nalo ndilo lenye kuuma. Mjumbe anayeweza kufukuzwa wakati wowote hana tofauti na mshauri.

Angalia na mpangilio wa mihula. Chukua mfano wa hesabu tu: viti 9, muhula wa miaka 6, viti 3 vinaisha kila miaka 2. Gavana mwenye muhula wa miaka 4 anajaza viti 6 kabla hajarudi kwa wapigakura. Tayari ana wengi. Mihula mirefu inasifiwa kwamba inamzuia gavana kuteka bodi, lakini piga hesabu kwanza ndipo uamini. Na mwanzoni kabisa, bodi ya zamani inapovunjwa, viti vyote 9 vinajazwa na gavana mmoja.

---

kituo_cha_kura

Nijibu la siku yenyewe.

Sheria ya shirikisho inayolazimisha karatasi za kura kwa lugha nyingine, kifungu cha 203 cha Sheria ya Haki za Kupiga Kura, inahusu Kihispania, lugha za Waasia, na lugha za Wahindi Wekundu na wenyeji wa Alaska. Kiswahili hakimo. Usimwahidi mtu kwamba atakuta karatasi ya Kiswahili kituoni.

Lakini kifungu cha 208 cha sheria hiyo hiyo kinampa asiyeweza kusoma au kuandika haki ya kuingia na msaidizi anayemtaka mwenyewe. Anaweza kuwa mtoto wake, jirani, mtu wa msikitini au kanisani. Wasioruhusiwa ni mwajiri wake au wakala wa mwajiri, na ofisa au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Andika hili kwa herufi kubwa, kwa sababu wengi wanafanya kazi kiwanda kimoja na msimamizi anayejua Kiingereza hujitolea "kuwasaidia". Huyo haruhusiwi, hata akiwa na moyo safi.

Msaidizi anasoma na kutafsiri, na kama mpigakura hawezi kuweka alama, anaiweka vile alivyoambiwa. Hashauri.

Kura ya 3 Machi 2020 iliangukia siku ya mchujo wa vyama. Kwenye mchujo wa Alabama unaomba karatasi ya chama kimoja, na marekebisho ya katiba yanakuwa juu ya karatasi zote. Asiyetaka kutaja chama alikuwa na haki ya kuomba karatasi yenye marekebisho peke yake. Watu wanarudi nyumbani kwa kutojua hilo. Mfundishe msomaji sentensi ya Kiingereza ya kuiombea, aikariri.

Kuacha swali wazi: Alabama wanahesabu waliojibu tu, kwa hiyo ukiliacha wazi hujasema ndiyo wala hapana. Minnesota si hivyo. Huko marekebisho ya katiba yanahitaji wengi wa wote waliopiga kura siku hiyo, kwa hiyo kuacha wazi kunafanya kazi ya hapana. Usinakili maelezo ya jimbo moja ukayapeleka jingine.

Alabama pia ina Tume ya Kura ya Haki inayoandika, kwa lugha nyepesi, ndiyo ina maana gani na hapana ina maana gani kwa marekebisho ya jimbo zima. Tafsiri kutoka hapo kwanza, muhtasari wa karatasi ya kura uufuate baadaye.

Mwisho, tahadhari. Kugawa vipeperushi vya kampeni ndani ya futi 30 za mlango wa kituo ni kosa Alabama. Karatasi yako isiyo na upande igawe nyumbani na kwenye mikutano, usiipeleke kituoni. Na tangu 2024 sheria ya jimbo hilo imebana usaidizi wa maombi ya kura ya posta. Usimjazie mtu fomu ya ombi kabla hujaisoma sheria hiyo.

---

kalamu_ya_pwani

Nimeandika upya kisanduku cha katikati. Naomba mkipitie kabla sijapeleka kuchapa:

"LEO: Wananchi wa kila wilaya ya uchaguzi, kati ya 8, wanachagua kwa kura mjumbe mmoja wa Bodi ya Elimu ya jimbo la Alabama. Bodi inamteua Mkuu wa Elimu.

UKISEMA NDIYO: Uchaguzi huo unafutwa. Gavana anateua wajumbe 9 (anawaweka yeye, wananchi hawawapigii kura). Seneti inawathibitisha. Wajumbe wanamteua Mkuu wa Elimu, naye anathibitishwa na Seneti. Majina ya bodi na ya cheo yanabadilika.

UKISEMA HAPANA: Bodi mpya haiundwi."

---

mfasiri_wa_zamu

Safi sana, na umefanya vizuri kupeleka majina mwisho. Badilisha huo mstari wa hapana tu. "Bodi mpya haiundwi" unamfanya mtu aone kama anakosa kitu. Hapana nayo ina kitu inachokileta, kitaje kwa maneno yale yale ya LEO:

"UKISEMA HAPANA: Wananchi wa kila wilaya ya uchaguzi wanaendelea kuchagua kwa kura mjumbe wao. Bodi inaendelea kumteua Mkuu wa Elimu."

---

sheria_mkononi

Nakubaliana. Ongeza na mstari wa chini, kwa herufi ndogo: "Swali hili haligusi bodi za shule za kaunti na za miji." Ndilo swali la kwanza utakaloulizwa na mzazi.